Anime kwa wakimya wenye ndoto: maswali tunayoulizwa kila mara

Kikundi chetu cha kuangalia anime hukutana jioni za Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha steshenari ya dada yangu, maeneo ya Makole, hapa Dodoma. Tuna projekta moja, shuka jeupe ukutani na viti vya plastiki kumi na viwili. Wanaokuja ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaoshuka kutoka mlimani, watumishi wa serikali waliohamia na ofisi zao, na vijana wa mitaa ya jirani. Karibu wote ni watu wa aina moja: wapole, wanaowaza sana, wanaoumia wakiona mtu anaonewa. Na karibu wote huuliza mambo yale yale, kwa hiyo nimeyaandika.

## Ya mwanzo

1. Anime ni nini? Si katuni tu za watoto?

Ni katuni zinazotengenezwa Japani. Nyingi huanzia kwenye manga, yaani hadithi za picha za vitabuni, kisha zikahuishwa. Episodi moja huwa na dakika 24 hivi, na msimu mmoja mara nyingi una episodi 12 au 13, au 24 hadi 26.

Zipo za watoto, zipo za watu wazima, na zipo ambazo mtoto hapaswi kuzisogelea kabisa. Kuziita zote za watoto ni sawa na kusema muziki wote ni wa harusi. Kama una mdogo wako unayetaka kumwonyesha, ruka hadi swali la 14.

2. Mnaposema "mkimya mwenye ndoto" mna maana gani?

Mtu ambaye akitoka kwenye kikao kilichomchosha huenda kukaa peke yake ndipo nguvu zimrudie. Mtu anayekumbuka neno moja aliloambiwa mwaka juzi. Anayeamini kwamba binadamu anaweza kuwa mwema kuliko alivyo leo, na anayejilaumu yeye kwanza anapoona haijawa hivyo. Huku kwetu utasikia akiitwa "mpole sana", au "huyu ana mambo yake".

3. Nimefanya jaribio la tabia mtandaoni nikaambiwa mimi ni INFP. Orodha yenu inanihusu?

Inakuhusu, wewe na wale wanaoambiwa INFJ; yote mawili ni mafungu ya watu wakimya wanaofuata moyo. Herufi hizo zinatokana na jaribio lililobuniwa na mama na binti yake huko Marekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakijenga juu ya mawazo ya daktari wa Uswisi Carl Jung, aliyechapisha kitabu chake kuhusu aina za watu mwaka 1921. Jaribio linawagawa watu katika mafungu 16.

Wanasaikolojia wengi hawalitegemei, na sababu mojawapo ni kwamba mtu akilirudia baada ya wiki chache anaweza kuangukia fungu lingine. Mimi siligombi. Mtu akiniambia herufi zake najua anajaribu kusema "niko hivi, nisaidie kuchagua", na hilo linanitosha. Lakini usikubali herufi nne zikuambie huwezi kusimama mbele za watu, au kwamba kazi fulani si yako.

4. Mnachaguaje? Huwa mnatafuta zenye huzuni?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hutuelewa vibaya. Mtu mkimya akiandika mtandaoni kuomba ushauri, hurundikiwa hadithi za vilio, kana kwamba anachohitaji ni majonzi zaidi. Sisi tunajiuliza jambo moja: hadithi hii inamfanyia nini mtu akishazima skrini?

Zipo zinazokubembeleza ubaki chumbani. Zinakuambia dunia haikuelewi, wewe ni wa pekee, funga mlango. Ni tamu kwa jioni mbili tatu, halafu unajikuta umepungukiwa. Na zipo zinazoingia humo chumbani, zikakaa nawe kitandani bila haraka, kisha zikakushika mkono mkatoka pamoja. Zote tulizozitaja hapa chini ni za aina ya pili. Kipimo ni hicho, hata kama hadithi ni ya upanga.

5. Nianze na ipi?

Natsume Yūjin-chō. Ilianza kuonyeshwa 2008 na misimu imeendelea kutoka hadi 2024, lakini wewe anza na msimu wa kwanza wenye episodi 13.

Natsume ni kijana yatima. Tangu utotoni anaona viumbe ambao wengine hawawaoni, na kwa sababu hiyo amelelewa kwa kupokezanwa na ndugu, nyumba hadi nyumba, akiitwa mwongo. Sasa anaishi kijijini na wazee wawili wa ukoo ambao hawakujaliwa mtoto. Bibi yake aliyefariki alimwachia daftari lenye majina ya viumbe aliowashinda kwenye michezo. Aliye na jina la kiumbe ana amri juu yake. Natsume anaamua kurudisha jina moja moja kwa mwenyewe. Kila linaporudi, anaona kumbukumbu ya kiumbe huyo: alimsubiri nani, aliahidiwa nini, alisahaulika lini.

Hadithi karibu zote huisha episodi ile ile. Lakini ukiangalia kwa makini utaona kitu kingine kikisogea pole pole: kijana aliyezoea kusema "sijambo, sina shida" anajifunza kurudi nyumbani na kusema kwa sauti kwamba amefika. Yule mama mlezi, Touko, humwekea chakula. Nimewaona wanaume wazima, watumishi wenye vyeo, wakiinamisha uso pale Natsume anapokula chakula kile. Wengi wetu tuliosomeshwa na mjomba au shangazi tunajua kula kwa uangalifu, usionekane unamaliza.

## Kwa hali uliyo nayo

6. Nimehamia Dodoma kikazi, sijui mtu, jioni ni ndefu. Nipeni kitu.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Mji umejaa watu waliokuja peke yao. Ofisi ziko Mtumba, chumba umepanga Kisasa au Nkuhungu, familia imebaki Dar, Mwanza au Songea. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 imesaidia wikiendi, lakini Jumanne saa mbili usiku hakuna treni ya kumfikisha mtu kwa mwanawe akamlaze.

Jibu letu ni Sangatsu no Lion, episodi 44 zilizotoka kati ya 2016 na 2018. Rei ana miaka 17 na ni mchezaji wa kulipwa wa shogi, mchezo wa ubaoni wa Kijapani unaofanana kiasi na chesi. Wazazi na mdogo wake walikufa ajalini. Aliyemlea ni rafiki wa baba, mchezaji wa shogi pia, na Rei alipokuwa akiwashinda watoto wa nyumba ile kwenye ubao alijiona anawanyang'anya baba yao. Akahama, akapanga chumba kando ya mto, Tokyo. Chumba hakina kitu. Mandhari ya episodi ya kwanza ni maji, daraja, mwanga wa asubuhi, na kijana asiyesema.

Ng'ambo ya daraja wapo dada watatu, Akari, Hinata na Momo, wanaoishi na babu yao mwenye duka la vitafunwa vitamu. Wamefiwa na mama na bibi. Wanamwita aje kula. Anakataa, wanamwita tena. Hadithi nzima iko kwenye kuvuka daraja lile, na inachukua muda kwa sababu mtu aliyezoea upweke haamini mwaliko wa kwanza.

Msimu wa pili Hinata anamtetea rafiki yake anayeonewa shuleni, kisha uonevu unamgeukia yeye. Anakimbia usiku, analia kamasi zikimtoka, na katikati ya kilio kile anasema alichofanya hakikuwa kosa. Tulipoiangalia pale Makole, mwalimu mmoja wa sekondari aliomba tuisimamishe. Akakaa kimya, halafu akasema "endeleeni". Jumamosi iliyofuata alikuja na wanafunzi wake wawili.

Ukiona 44 ni nyingi, anza na Barakamon (2014, episodi 12). Mwandishi wa hati za kalamu ya brashi anampiga mzee aliyemwambia kazi yake ni ya kukariri. Baba yake anampeleka kisiwani akatulie. Episodi ya kwanza mtoto wa kijiji, Naru, anamburuta apande ukuta ili aone jua likizama. Hataki. Anapanda. Tazama uso wake pale juu, halafu uniambie kama hukutamani kwenda kupanda Mlima wa Simba hapa Dodoma jioni.

7. Nimechoka kabisa nikirudi kazini. Sitaki fujo wala kilio.

Mushishi. Msimu wa kwanza ulianza 2005, episodi 26, na kila moja inajitegemea. Ginko anatembea milimani na kisanduku mgongoni, akikutana na watu waliosumbuliwa na mushi, viumbe vya asili vilivyo karibu sana na chanzo cha uhai, visivyo vyema wala vibaya. Kuna kijana ambaye anachochora kwa mkono wa kushoto huwa hai. Ginko mwenyewe hawezi kukaa mahali pamoja, maana mushi humfuata na wakirundikana watadhuru wenyeji.

Niliiangalia mara ya kwanza kwa bibi yangu, wilayani Bahi, kwenye simu, yeye akichambua mlenda kwenye ungo. Nilikuwa namtafsiria. Baada ya episodi ya pili akauliza, "Huyu mganga wanamlipa nini?" Nikamjibu kwamba mara nyingine ni chakula na pa kulala. Akatikisa kichwa, akasema mganga wa kweli ndivyo alivyokuwa, anapita. Kisha akanisimulia habari za babu yake hadi mlenda ukasahaulika. Sijawahi kuona maelezo bora ya Ginko kuliko yale.

Tahadhari moja: Mushishi haiendi mbio, na ukiiweka ukiwa unachati huoni kitu. Zima taa.

8. Ninaandika mashairi (nachora, natunga nyimbo) na naona aibu kuyaonyesha. Ipo inayohusu hilo?

Whisper of the Heart, filamu ya 1995 ya Studio Ghibli, kampuni ya Kijapani ya filamu za katuni, iliyoongozwa na Yoshifumi Kondō. Shizuku ni msichana wa shule anayependa vitabu. Anakutana na mvulana anayetaka kwenda Cremona, Italia, kujifunza kutengeneza fidla, na ghafla anajiona yeye hana lolote. Anaamua kuandika hadithi ndefu, alama zake za shule zinaporomoka, wazazi wanamkalisha kikao.

Babu wa yule mvulana ndiye wa kwanza kuisoma. Kabla ya hapo alimwonyesha jiwe la kawaida ambalo ndani lina vito vya kijani visivyosafishwa. Anaposoma hadithi hamdanganyi: kazi bado ni mbichi, na ndani yake kuna kitu. Shizuku analia kwa kutua mzigo. Kila mwenye daftari lililofichwa chini ya godoro ninamwambia aione filamu hii, halafu atafute mzee mmoja mkweli wa kumsomea. Barakamon (swali la 6) inafuatia vizuri, kwa mtu ambaye tayari anasifiwa lakini anajua moyoni kwamba anaiga.

9. Nataka dunia iwe bora na nimekata tamaa. Kila kitu kinaonekana bure.

Hapa nitachukua muda, maana mtu mwenye ndoto hateswi na upweke peke yake. Anateswa zaidi na ndoto kukutana na watu walivyo.

Anza na Princess Mononoke, filamu ya Hayao Miyazaki ya 1997. Kijana Ashitaka anafika kwenye mji wa chuma unaokata msitu na kuua miungu yake. Unategemea kumchukia mtawala wa mji, Bi Eboshi. Halafu unaona ndiye aliyewapokea wagonjwa wa ukoma na kuwaosha kwa mikono yake, na kuwakomboa wanawake kutoka madanguro. Na bado anaua msitu. Ashitaka anakataa kuchagua upande wa kuchukia. Huku kwetu, ambako mkaa ndio karo ya mtoto wa mtu na ndio huo huo uliotuachia vilima vitupu, filamu hii haihitaji kutafsiriwa.

Kisha Vinland Saga, na nasisitiza uifikie sehemu ya pili. Msimu wa 2019 (episodi 24) ni kisasi na damu; Thorfinn anakua akiwa na shabaha moja tu, kumuua aliyesababisha kifo cha baba yake. Wengi wa kikundi chetu walitaka kuacha. Msimu wa 2023 (24 nyingine) unamkuta mtumwa shambani Denmark, macho yamekufa, akipewa msitu aufyeke ili alime ngano na kujikomboa. Yeye na mwenzake Einar wanang'oa visiki, siku baada ya siku. Mwanachama wetu mmoja aliyekulia kwenye mashamba ya uwele kule Chamwino alisema hajawahi kuona katuni inayojua uzito wa kisiki. Ni katika udongo huo mtu aliyekuwa muuaji anajiuliza ataishije bila kumpiga mtu yeyote. Wema wake hauji kwa kuwa hajui ubaya, anaujua wote.

Ukitaka swali lenyewe lililo gumu zaidi, kuna Monster (episodi 74, 2004 hadi 2005). Daktari Tenma, Mjapani aliyeko Ujerumani, anaamriwa aache kumfanyia upasuaji mtoto aliyepigwa risasi ili amhudumie meya. Anamchagua mtoto. Mtoto yule anakuja kuwa muuaji. Je, uhai wote una thamani sawa hata sasa? Si ya kuangalia usiku ukiwa peke yako kwa wiki nzima mfululizo.

10. Mimi ninapenda Naruto na mapigano. Mnanidharau?

Hata kidogo. Wengi wetu tulianzia hapo. Kisa cha maadui wawili, Zabuza na Haku, kwenye daraja, mwanzoni kabisa mwa Naruto, ndicho kilichonifanya nijue kwamba adui naye analia. Kama ulichokipenda ni zile nyakati ambazo mapigano yanasimama na mtu anaeleza alivyoumizwa, basi nenda Fullmetal Alchemist: Brotherhood (episodi 64, 2009 hadi 2010), kisha Vinland Saga.

11. Kuhusu kufiwa?

Violet Evergarden (2018, episodi 13) na Frieren (msimu wa kwanza 2023 hadi 2024, episodi 28).

Violet alikuwa askari akiwa mtoto. Baada ya vita anaajiriwa kuwaandikia watu barua, ili aelewe maana ya neno "nakupenda" aliloambiwa na mkuu wake. Episodi ya 10 ni ya mama mgonjwa na binti yake mdogo, Ann. Mama anajifungia na Violet siku kadhaa wakiandika, na mtoto anazionea wivu barua hizo kwa sababu zinamnyima mama. Sitasema ni za nani. Kaa na leso.

Frieren ni mwanamke wa jamii ya watu waishio zaidi ya miaka elfu. Alisafiri miaka 10 na wenzake, akaona ni kitambo kidogo tu. Mmoja wao anazeeka, anafariki, na kaburini Frieren anashtuka kwamba hakujitahidi kumjua. Kutoka hapo anaanza safari upya. Imetulia, na ina kicheko pia. Kwa aliyefiwa karibuni mimi hutoa hii kwanza.

## Ya kuangalia na ya nyumbani

12. Zipo za Kiswahili? Na bando je?

Hizi tulizozitaja utazipata kwa sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini. Kwa asiyesoma Kiingereza upesi, sisi hukaa wawili wawili na mmoja anatafsiri kwa sauti ya chini. Inachelewesha, lakini mnapotafsiriana mnaanza kubishana maneno, na hapo hadithi inaingia.

Filamu nyingi za Ghibli ziliingia Netflix mwaka 2020 kwa nchi nyingi, Afrika ikiwemo, na Violet Evergarden ipo huko huko. Netflix kwa ubora wa chini hutumia kama GB 0.3 kwa saa, wa kawaida GB 0.7, na HD hadi GB 3. Kwa skrini ya simu ubora wa chini unatosha. Pakua kwenye wai-fai ya chuo au ya ofisi, uangalie nyumbani. Na umeme ukikatika bado unayo.

13. Hizi za viumbe na mizimu, hazina shida kwa imani yangu?

Tumeulizwa na Wakristo na Waislamu kwa usawa, na swali ni la haki. Natsume, Mushishi na Mononoke zimetoka kwenye simulizi za asili za Kijapani. Hazimfundishi mtu ibada wala kumwita kiumbe chochote. Mimi huziangalia kama ninavyosikiliza hadithi za mazimwi alizonisimulia bibi. Lakini dhamiri ni ya mtu mwenyewe. Ukiona inakusumbua, iache bila aibu. Sangatsu no Lion, Barakamon na Whisper of the Heart hazina mambo hayo kama msingi wa hadithi.

14. Mdogo wangu ana miaka 10, mkimya kama mimi. Nimpe ipi?

My Neighbor Totoro (1988), watoto wawili ambao mama yao amelazwa. Halafu Kiki's Delivery Service (1989), msichana anayehama nyumbani na kupeleka vifurushi, kisha uwezo wake unapotea na hajui kwa nini.

Kiki huitwa mchawi mdogo, na neno hilo kwetu ni zito. Watu wameuawa kwa kuitwa hivyo. Mzazi akiuliza, mweleze wazi kabla hajalisikia kwa mtoto: huyu ni binti wa hadithi anayeruka na ufagio na kuwasaidia majirani, hamdhuru mtu. Baada ya hapo, kaeni wote watatu muangalie.

15. Mama anasema nimekuwa mkubwa, niache katuni.

Usibishane. Mwombe dakika 24. Mmoja wetu alimwekea mama yake Natsume, akamtafsiria kwa Kigogo, na mama alichouliza mwisho ni kama yule kijana alipata chakula. Asipokubali, basi, muheshimu, zima, nenda kamsaidie kuchota maji.

## Pagumu

16. Zipi mnazitoa kwa tahadhari?

Neon Genesis Evangelion (1995 hadi 1996, episodi 26). Ni kazi kubwa, na mhusika wake mkuu, Shinji, ni mkimya tunayemfahamu, lakini inamwacha mtu uchi. A Silent Voice, filamu ya 2016 kuhusu kijana aliyemwonea msichana kiziwi shuleni kisha akatafuta kumwomba radhi: ni nzuri mno, na ina watu wanaojaribu kujiua. Haibane Renmei (2002, episodi 13) ni ya kimya na mafumbo, na inagusa kujilaumu kwa mtu mpaka mfupani. Hizi tunaziangalia kwa kikundi, taa zikiwashwa mwishoni, na hakuna anayeondoka kabla ya chai.

17. Nimemaliza msimu mzima usiku mmoja, sasa nahisi tupu.

Ni kawaida kwa watu wetu. Umeishi na wale watu saa kumi, wameondoka wote kwa pamoja. Lala kwanza. Kesho mwandikie mtu mmoja kuhusu mhusika mmoja, hata mistari mitatu. Na hadithi ijayo weka kikomo: episodi mbili kwa jioni. Mushishi inakubali hata moja kwa wiki.

18. Nina huzuni isiyoisha, sioni sababu ya kuendelea. Anime itanisaidia?

Haitoshi, na sitakudanganya. Kama umekosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki, au umeanza kuwaza kifo chako, mwambie mtu leo hii: ndugu, mchungaji, shehe, jirani. Kisha mwende hospitali pamoja. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Najua jina hilo limegeuzwa tusi mitaani, na najua lilivyomzuia ndugu yangu mmoja kwenda kwa mwaka mzima. Alipokwenda alikaa kwenye benchi na watu wa kawaida kabisa, mwalimu, mama mwenye mtoto mgongoni, na akarudi na dawa na tarehe ya kurudi. Sasa hukaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, Jumamosi.

19. Mchumba wangu hapendi anime kabisa.

Mwonyeshe filamu moja, usimpe orodha. Whisper of the Heart imefanya kazi mara nyingi. Ikishindikana, msimulie. Kuna wanaopenda hadithi kwa kuisikia kwako kuliko kuisoma kwenye maandishi ya chini.

20. Niache lini hadithi nisiyoipenda?

Episodi tatu. Isipokuwa Vinland Saga, ambayo nakuomba uivumilie kwa sababu niliyoieleza swali la 9.

21. Naweza kuja bila kuongea na mtu?

Ndiyo. Nusu ya waliopo walianza hivyo. Kiti cha pembeni karibu na mashine ya fotokopi huachwa wazi kwa ajili hiyo. Dada atakusalimia kwa Kigogo, "mbukwa", ukiingia. Ukiitikia kwa kichwa tu, inatosha.